Posa Niliyoitia Kalamu Nyekundu

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza hapa Tunduma, na koma ikikaa vibaya sipati usingizi. Barua ya posa ya binti yangu Neema ilipoletwa kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka, imeandikwa kwa Kiingereza, nikasahau kabisa kuwa ni posa. Nilishika kalamu nyekundu, nikapanga koma, nikakata misemo aliyochapia kijana, nikatoa alama: nne kwa kumi. Chini nikaandika, "Ongeza bidii." Ndipo nikaandika jibu la kukubali, nikafunga bahasha, nikampa mshenga aliyeleta barua.

Jumapili mshenga alirudi na bahasha yangu, akaifungua mbele ya ukoo mzima. Mjuaji mimi, nilikuwa nimetia bahashani ile barua niliyoisahihisha, jibu likabaki mezani. Neema alisimama na trei ya soda, ananitazama.

"Mwalimu," mshenga akauliza, "kijana amefeli barua tu, au amefeli na mke?"