Nilimnyima Mtumbwi Siku ya Picha ya Mimba

Jamani, nimekosa, na sina wa kumsingizia. Mkishasoma mnitukane tu.

Mume wangu alipovunjika mguu tulimpeleka eksirei. Nikamwona mpiga picha anatoka chumbani, anajibanza nyuma ya mlango. Tangu siku hiyo nikaamini kila picha ya hospitali inaunguza. Nani angenibishia? Mimi hapa Golbanti nimezaa saba bila kumwona daktari!

Basi mke wa mwanangu akabeba mimba ya kwanza, akawa anatokwa na damu kidogo kidogo. Nesi akamwambia aende Garsen akapigwe picha ya tumbo. Akatueleza sote wawili kwamba ile haina miale, ni mawimbi ya sauti tu, haimdhuru mtoto. Nikamcheka mbele ya watu.

"Sauti gani inayopiga picha? Kaunguzeni wajukuu wa wengine!"

Asubuhi ya safari nikamtuma ng'ambo ya mto akaamie ndege wasile mpunga. Nikamvusha mwenyewe, kisha nikarudi na mtumbwi. Mto wetu una mamba, hakuna wa kuogelea.

Jua lilipopanda akasimama ukingoni na leso yake safi, anaita. "Mama! Niletee mtumbwi, gari litaniacha!"

Nilikuwa naosha sufuria, namwona kabisa. Nikampa mgongo. Haki ya Mungu, nilicheka!

Mwanangu yuko kazini Mombasa, binti hakuwa na wa kumtetea. Nilimvusha jioni, gari limeshaondoka, wala hakuomba tena kwenda Garsen. Siku zake zilipokaribia, damu ikamwagika kama mtungi umepasuka. Kondo la nyuma lilikuwa limeziba njia ya mtoto. Daktari alisema picha ingelionyesha mapema, angepasuliwa kwa wakati. Mtoto wa kiume akafa, na kizazi kikatolewa. Ole wangu!

Mwaka huu likavimba tumbo langu mimi. Aliyenipeleka kupigwa picha ni yeye. Nikapakwa jeli baridi, kidude kikateleza juu ya ngozi, basi, kwisha. Sikuhisi chochote.

Alikuwa amesimama kando, ameshika viatu vyangu. Akaniinamia, akauliza polepole, "Mama, imekuunguza?"

Nilitamani ardhi inimeze!

Nyie mama wakwe mnaojua kila kitu, waacheni mabinti wa watu waende wakapimwe. Mimi kila asubuhi naletewa chai na yule yule. Ananiita mama, ananiuliza kama sukari imetosha. Afadhali angenimwagia!