Kabemba aliyekwenda stesheni kuuliza

Mwaka 1993, watu wa asili ya jimbo la Kasai walipokuwa wakifukuzwa mjini Kolwezi, Kabemba wa mtaa wa Dilala alikuwa na pesa mkononi za kulipia masomo ya kuchomea vyuma, ila hakujua kama yangemfaa. Akaenda kumwuliza jirani yake wa siku nyingi, Tata Badibanga, mtu wa Kasai aliyekuwa fundi wa kazi hiyo kwa miaka ishirini. Juma lililotangulia, Kabemba alikuwa amesimama na vijana wengine mlangoni pa mzee huyo wakipiga kelele, "Murudi kwenu!"

Alimkuta stesheni na familia yake, wameketi juu ya magodoro wakingoja treni.

"Tata, ile masomo iko na faida? Nilipe?"

Mke wa Badibanga aligeuza uso. Badibanga alimtazama kijana, kisha akasema, "Usilipe. Balimu ba ile masomo bote batatu beko hapa. Ule wa koti ya bluu, ule mwenye kubeba mutoto, na mi. Nani atakufundisha kule?"

Kabemba alitaka kuomba msamaha, lakini akageuka aondoke. Badibanga akamsogezea ndoo.

"Ikala. Nikuelezee kidogo kazi ya kuchomea mbele ya treni kufika."

Akaikalia, akasikiliza kichwa chini.

Kabemba hakuwa fundi kamwe. Hata leo watoto wake wakimwuliza sababu, anawaambia pesa zilikosekana.