Kiberiti na Kondoo wa Meneja

Wifi yangu ana mdomo, na mimi sijambo, ndiyo maana nyumba yetu haijawahi kuwa kimya tangu mdogo wake aliponioa. Kiwandani wanamwita Kiberiti. Wageni hudhani ni kwa ajili ya hasira zake, na hasira anazo, hilo sibishi. Lakini jina lilitokana na kiberiti chenyewe, kile cha njiti, kinachokaa kwenye mfuko wa aproni yake mwaka nenda mwaka rudi, na sigara yenyewe havuti.

Sisi tunatengeneza mablanketi ya sufu. Wako wanaoosha sufu, wanaoichana, wanaosokota nyuzi, wanaofuma, halafu niko mimi, ninayepinda kingo kwa cherehani. Tukishamaliza sote, blanketi linakwenda kwa wifi. Yeye ndiye anayeshona lebo yenye kichwa cha kondoo, na blanketi lisilo na kondoo halitoki getini. Basi kabla hajashona, anachomoa uzi mmoja pembeni, anauchoma juu ya sahani ya bati, ndoo ya mchanga iko miguuni pake. Sufu ya kweli inanuka kama nywele zilizoungua, inabaki majivu ya kusagika kwa vidole. Plastiki inayeyuka, inakuwa kashanga kagumu. Akiridhika anashona lebo, na kwenye kona ya lebo anapitisha uzi wake mwenyewe, mwekundu. Kwetu kila mwanamke anayeijua kazi ya lebo ana rangi yake. Wangu ni kijani, wa jirani yangu ni buluu. Utaratibu huo tuliukuta, maana yake blanketi likiwa na kasoro, ijulikane ni mkono wa nani ulioliruhusu.

Marobota ya sufu yanakuja yameandikwa nchi yalikotoka. Australia. New Zealand. Uruguay. Lesotho. Wifi hajawahi kuvuka mpaka wowote, pasipoti anaijua kwa kuisikia, lakini nchi hizo anazisema utadhani ni kwa wajomba zake. Anaingiza mkono ndani ya robota, anafumba macho, anasema, "Huko mwaka huu mvua imewapiga chenga, kondoo wamekonda." Nani atamkatalia? Na New Zealand ndiyo anayoipenda kupita zote, tangu aliposikia kwamba kule kondoo ni wengi kuliko watu. "We wifi, fikiria," ananiambia. "Ukisimama barabarani ukaita 'jamani!', wanaogeuka ni kondoo kwanza." Anacheka mpaka anashika mbavu, na huo mzaha nimeusikia sijui mara ngapi.

Sasa, tukaletewa meneja mpya. Kijana nadhifu, ana salamu nzuri, hatupigii kelele. Tatizo lake ni moja, hawezi kufungua kinywa bila kutaja hesabu. Tukambandika jina la Takwimu.

Asubuhi moja akatukusanya kwenye ukumbi wa kulia chakula. Akasema, "Mama zangu, dada zangu, nataka tuelewane. Kondoo duniani si wale wa zamani. New Zealand walikuwa na zaidi ya milioni sabini, leo hawafiki milioni thelathini. Australia waliwahi kupita milioni mia moja na sabini, leo hata nusu hawafiki. Sufu inakuwa adimu, bei inapanda. Tutafanyaje?"

"Na China je?" wifi akauliza kutoka nyuma. "Si ndiyo inayoongoza kwa kondoo?"

"Inaongoza, mama, lakini sufu yao hatuipati."

"Sudan? Ethiopia?" nikadakia mimi, kwa sababu mdomo wangu haujui kukaa. "Si tunasikia kule kondoo wamejaa tele?"

"Wamejaa kweli," akasema, "ila wengi wao wana nywele tu, hawana sufu. Ni wa nyama."

Alikuwa sahihi, siwezi kumnyima haki yake. Kijana alikuwa amesoma habari za kondoo hasa. Tukatawanyika tukidhani ni somo tu.

Kumbe somo lilikuwa na mkia. Wiki hiyo hiyo yakashushwa marobota meupe, laini kupita kiasi, hayana harufu ya mnyama wala jina la nchi. Yakachanganywa na sufu, yakasokotwa, yakafumwa. Mimi nilipoyapinda niliona sindano inateleza vibaya. Nikamsukumia wifi.

Akachomoa uzi, akawasha njiti. Moshi mweusi. Kashanga. Akachukua blanketi la pili, kashanga. La tatu, hivyo hivyo. Akazima, akakunja mikono.

Meneja akaja mbio. "Mama, gari la mteja linakuja kesho. Mbona umekaa?"

"Haya hayana kondoo, baba."

"Wamo. Nusu ni sufu."

"Lebo inasema sufu tupu. Leta lebo inayosema nusu, nitashona sasa hivi."

"Mama, si nilieleza? Kondoo wamepungua!"

Wifi akasimama. Ni mfupi, lakini akisimama kwa hasira unarudi nyuma mwenyewe. "Nimekubali, wamepungua. Sasa kama kondoo wamepungua, mablanketi ya kondoo nayo si yapungue? Wewe unataka wapungue huko malishoni, halafu wazaliane kwenye lebo! Anayewazalisha nani, mimi na sindano yangu?"

Kiwanda kizima kilicheka. Mimi nilicheka zaidi, nikasahau kwamba mshahara wa huyo mwanamke na wangu ndiyo inayolisha nyumba moja. Meneja alitabasamu kidogo, akamwambia aende nyumbani mpaka aitwe. Na asipobadilisha msimamo, akasema, hataitwa.

Jioni ile mume wangu, ambaye ni fundi baiskeli na siku nyingi anarudi na grisi kuliko pesa, alijaribu kumbembeleza. "Dada, si ushone tu yaishe? Lebo ni kipande cha kitambaa."

"Ningekuwa nashona lebo tu ningeshona. Uzi mwekundu ni mimi. Mtu akilala na blanketi lile usiku akatetemeka, atatafuta kona, ataniona mimi."

"Watu hawatazami kona, dada."

"Basi wewe hujawahi kusikia baridi."

Nilimkasirikia, nasema kweli. Nikamwambia ni mbishi, anajitakia makuu, sufu haikuzaliwa naye. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Umemaliza?" Nikasema nimemaliza. Akasema, "Haya, nisogezee chumvi." Ndivyo alivyo, unaweza kumrukia mpaka pumzi ikuishe.

Kesho yake meneja akanipa mimi kiti cha wifi. Akanijia kwa upole, akaniita dada. Nilikaa. Nilitazama lile rundo la mablanketi, nikachomoa uzi, kwa sababu mkono uliofundishwa na Kiberiti hauwezi kushika lebo bila kwanza kuchoma. Kashanga. Nikainuka, nikamwambia tumbo linaniuma. Akamwita wa uzi wa buluu. Naye akachoma, akaumwa kichwa. Siku ile kiwanda chetu kilipatwa na maradhi ya ajabu. Mwisho akapatikana binti aliyeajiriwa juzi tu, hana rangi yake bado, akashona yote kwa uzi mweupe. Simlaumu, kazi alikuwa anaihitaji.

Gari likaondoka limejaa. Meneja akapita akipiga mluzi, nami nikakaa kwenye cherehani yangu nikitukana kimoyomoyo.

Hazikupita siku nyingi, mzigo ukarudi. Mwenye maduka alikuja nao mwenyewe, mzee mnene asiyejua kusema pole pole, akasimama uani na blanketi begani. "Uzi mwekundu uko wapi?" akapaza sauti. "Wateja wangu wanageuza kona kwanza ndipo wanatoa pesa! Wameona mweupe, wameyarusha. Mama yule amekufa?"

"Yupo, yupo," meneja akasema. "Yuko likizo."

"Akirudi likizo ndipo na mimi nitarudi." Akapanda gari lake.

Mtu mwingine hapo angejifunza. Takwimu akapiga hesabu nyingine. Alikuja kwenye cherehani yangu akiwa ameficha kitu kiganjani, akakiweka mbele yangu. Kibonge cha uzi mwekundu.

"Wewe ni ndugu yake," akasema. "Mkono wenu unafanana. Fumua huo mweupe, pitisha huu. Nitakupandisha cheo uwe msimamizi."

Jamani, damu ilinichemka. Nilikuwa nimemgombeza wifi yangu nyumbani, nimemwita mbishi mbele ya mume wangu na mbele ya sahani yake. Lakini mambo ya nyumbani ni yetu. Huyu alitaka nimwibie jina lake nikiwa nimekaa kwenye kiti chake, halafu jioni nikale naye. Nikasema kwa sauti, wote wakasikia: "Mimi uzi wangu ni kijani! Mwekundu una mwenyewe, na mwenyewe yuko hai, na anapoishi unapajua. Kama unautaka mkono wake, mfuate mwili mzima!"

Akauzungusha ule uzi kwa wanawake wote. Hakuna aliyeunyoosha mkono kuupokea. Hata yule binti wa uzi mweupe aliuficha mkono wake nyuma.

Basi Jumamosi meneja akaja nyumbani. Wifi alikuwa anachambua mchele uani. Hakuinuka. Alimsukumia kigoda kwa mguu, akamwambia, "Karibu, kaa, usije ukachafua suruali." Kijana akakaa, magoti yakamfika kifuani.

"Mama," akasema, "tusidanganyane. Sufu ninayoipata ni kidogo mno. Nikitengeneza ya sufu tupu peke yake, nusu ya wanawake wale hawatakuwa na kazi."

Hapo wifi akaacha mchele. Nilimwona amepata pigo, kwa sababu hilo hakuwa amelifikiria, wala mimi. Nikaogopa atakubali.

"Tengeneza hayo ya mchanganyiko," akasema mwisho. "Sikukukataza. Watu wenye pesa kidogo nao wanataka kujifunika. Yaandike nusu, yauze kwa bei ya nusu, mtu ajue anachonunua. Ila lebo ya kondoo msiyawekee."

"Na ya sufu tupu?"

"Nishone mimi hayo machache."

"Ni machache kweli, mama. Hayatakujazia wiki. Labda siku mbili. Nitakulipa hizo siku mbili tu, zaidi siwezi. Na lebo za mchanganyiko, ukitaka, ushone wewe vilevile, upate wiki yako yote. Uzi wowote."

Mimi niliyesimama mlangoni nilitaka kupiga kelele, kubali, mama wee, uzi wowote! Wiki nzima! Lakini wifi alitikisa kichwa. "Hizo mpe binti. Achague rangi yake, aanze vizuri. Mimi nipe siku zangu mbili."

Alipoondoka nilimtolea uvivu. "Umeshinda nini sasa? Umebaki na siku mbili! Tutakula hizo kona?"

"Tutapunguza," akasema. "Kwani sisi ni wa kwanza kupunguza? New Zealand nzima imepunguza." Na akacheka, yule mwanamke, akacheka kweli, huku machozi yakimlengalenga. Nikachukua ungo mwingine nikakaa karibu naye, maana ningefanya nini.

Jumatatu tuliingia getini pamoja. Wanawake walisimamisha mashine. Hatuna desturi ya kupiga makofi pale, mtu akipiga anaonekana mvivu, lakini siku ile yalipigwa. Kwenye meza yake yalikuwa yamepangwa mablanketi ya sufu tupu, rundo dogo la kutia huruma. Meneja alikuwa amesimama pembeni, na nadhani roho bado ilikuwa inamuuma, kwa sababu alisema kwa sauti ya kusikika, "Haya mama, ndiyo hayo. Umeridhika?"

Nilimtazama wifi. Siku tatu za kazi zimeyeyuka, mdogo wake ana madeni ya spea, mimi hapo nimekwisha kupoteza usimamizi. Mtu mwingine angeshukuru akainamisha kichwa.

Yeye alivaa aproni yake taratibu, akalitazama lile rundo, akamtazama meneja.

"Bado," akasema. "Hapa pana giza. Nisogezee kiti dirishani."

Meneja akatazama huku na huku kutafuta mtu wa kumtuma. Kila mmoja wetu alikuwa ameinamia kazi yake. Akakibeba mwenyewe.