Ramadhani ya Jua Lisilozama

Nyumbani kwetu Koboko, mji wa mpakani na Sudani, mkeka una safari mbili kwa mwaka. Mwezi wa kumi na mbili jua la mchana hukaa upande wa Arua, kusini, kivuli cha nyumba kikaangukia upande wa Sudani, nasi tunahamia huko nyuma, karibu na jiko. Mwezi wa sita jua limeshavuka. Linasimama upande wa Sudani, na kivuli kinarudi mbele penye barabara. Mama huliongelea jua hilo kama mfanyabiashara aliyevuka mpaka kufuata mali. "Jua iko Sudani sasa," atasema kwa Kiswahili chake cha mpakani, "shika mkeka huko, tuhame."

Zaidi ya kuhama huko, jua letu halina vituko. Linachomoza karibu saa ile ile mwaka mzima na kuzama karibu saa ile ile. Redio ikitangaza mwezi wa sita kwamba leo ndiyo siku ndefu kuliko zote, sisi tunacheka tu, maana urefu wenyewe ukiinama kupuliza jiko umekwisha. Ndivyo nilivyokua, na ndivyo nilivyodhani mambo yalivyo kwa kila mtu.

Kisha kitinda mimba wetu akaenda Uswidi. Alikwenda kusoma, akapata kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, akabaki. Si kule kwenye miji mikubwa, bali juu kabisa, kaskazini, mahali ambapo ukimuuliza habari za watu anakujibu habari za miti. Mama alikuwa anampenda sana yule mtoto. Nasema wazi kwa sababu sisi wengine tulijua na tulishazoea. Mimi niko Arua, asubuhi moja tu kutoka kwake, na nikikaa wiki mbili bila kupiga simu ananiuliza kama vocha imepanda bei. Yule wa Uswidi akikaa siku mbili, nyumba nzima haina raha.

Miaka ile Ramadhani ilikuwa imeangukia mwezi wa sita. Nilikuwa nimekuja Koboko kumsaidia Mama siku za mwanzo, na jioni moja kabla ya magharibi mdogo wangu akapiga simu. Tukaiweka sauti juu, simu katikati ya mkeka, sisi pembeni.

"Huko nyinyi nafungua saa ngapi?" Mama akamuuliza.

Yule akacheka. "Mama, huku jua halizami. Mwezi huu linazunguka tu juu, mchana na usiku. Huku hakuna magharibi."

Mimi nikacheka pia. Mama hakucheka. Akaniangalia mimi, akaiangalia simu, kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Sasa wewe nakula lini?"

"Usijali, Mama, nakula," akasema, na simu ikakatika, kama simu za huko zinavyokatika.

Basi kazi ya kueleza ikaniangukia mimi. Nikamwambia dunia inazunguka ikiwa imeinama, kama mtu anayechuma mboga, na mwezi wa sita kichwa chake kimeelekea jua. Wanaokaa kichwani, hata dunia izunguke namna gani, wanabaki kwenye mwanga. Mwezi wa kumi na mbili kichwa kinageukia gizani, na hapo hawalioni jua kabisa.

"Basi huko Mungu natoa yote mara moja, halafu nachukua yote mara moja," akasema Mama. "Na sisi iko wapi?"

"Sisi tuko kiunoni."

"Aa, kiunoni." Akafikiri. "Kiunoni ndiyo napofungwa kitenge. Haiwezi kuanguka." Nikaona amefurahi, nikadhani mazungumzo yamekwisha.

Adhana ikalia. Mama akanywa maji, akala tende moja, akaenda kuswali. Aliporudi nikamsogezea gurusa, ile mikate yetu myembamba, na mchuzi wa nyama. Akaisukuma sahani taratibu.

"Nyinyi kula. Mimi nangoja mtoto yangu. Akipiga kusema amekula, mimi pia nitakula."

Nikadhani ni jambo la siku moja. Wapi! Kesho yake vile vile, na kesho kutwa vile vile. Mdogo wangu ana kazi ya zamu. Mara alipiga tukiwa tumetoka tarawehe, mara alipiga Mama ameshalala na tende yake moja tumboni, na mara hakupiga kabisa. Alipopiga, Mama alimuuliza amekula nini, wakazungumza kidogo, wakaagana, ndipo akavuta sahani. Mimi wakati huo nilikuwa nimechoka kusikiliza. Nilikuwa natazama sahani tu, kama inapungua.

Sasa, Mama ana presha. Ana vidonge anavyomeza jioni, na kidonge kile kinataka tumbo lenye chakula. Mimi nina duka la dawa Arua na haya mambo nawaeleza watu kutwa nzima. Sina ulimi laini, wateja wangu wanajua, lakini hakuna aliyewahi kuondoka bila kuelewa. Mama ndiye aliyenishinda, nikamwachia msaidizi duka nikabaki Koboko.

"Presha hii itakuondoa," nikamwambia.

"Mimi nasema nataka kuondoka? Mimi nataka kujua tu kama mtoto amekula."

Nikampigia mdogo wangu nikiwa nyuma ya nyumba, nikamtolea maneno yote niliyokuwa nayo. Nikamwambia mtu mzima hatanii na mama yake, kwamba lile neno lake la hakuna magharibi linamuua mtu huku. Maskini, aliomba radhi mpaka nikaona aibu. Akaahidi kupiga mapema. Alipiga mapema siku tatu, kisha zamu zikabadilika, tukarudi pale pale. Waswahili wanasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Nikaenda kumwita sheikh wa msikiti wetu. Ni mtu mpole, akaja, akakaa kwenye kiti, akamweleza Mama vizuri sana. Akasema dini si mateso. Watu wa nchi za namna hiyo wameruhusiwa kufuata saa za mji wa karibu wenye usiku na mchana, au kufuata saa za Makka. "Na Makka, mama yangu, mwezi huu jua linazama karibu sawa na hapa kwetu. Kwa hiyo ukisikia adhana hapa Koboko, mwanao naye huko amefungua. Na sunna ni kuharakisha kufuturu, si kuchelewesha."

Nikamwangalia Mama kwa ushindi. Nikasema moyoni, haya, hapo utapitia wapi?

"Asante, sheikh," akasema Mama. "Kuharakisha mimi naharakisha, na maji na tende. Na wewe nasema yeye naruhusiwa kula. Hujasema yeye amekula."

Sheikh akanitazama, akatazama kofia yake mapajani, akaomba dua ndefu ya afya, akaenda zake.

Siku chache baadaye, katika kumi la mwisho, Mama alisimama kutoka kwenye jiwe la kukatia mboga na akayumba. Hakuanguka, nilimdaka. Lakini nilipoufunga mkono wake kwa kipimo nikasoma zile namba, nilipima mara ya pili, zikarudi zile zile. Nilimlaza kwenye mkeka. Niliogopa sana. Nimewapima watu wengi wenye namba zile na nawajua waliorudi kuchukua dawa na wasiorudi. Nikamwambia afungue pale pale, mgonjwa ana ruhusa, atalipa baadaye. Akakubali maji, kidonge na uji kidogo, kwa sababu niliapa sitaondoka hapo mpaka anywe. Kesho yake akafunga tena. Nikagombana naye mpaka jirani akaja kuuliza kuna msiba gani.

Siku ya tatu yake, jua likiwa limeanza kulegea, nilikuwa jikoni nageuza gurusa, Mama kwenye kigoda pembeni anachambua mchele wa Idi. Simu yangu ikalia ujumbe. Nikafuta mikono, nikaifungua. Ilikuwa picha kutoka kwa mdogo wangu.

Meza ndefu nje, kwenye majani ya kijani. Watu wengi, wazee kwa watoto, vichwani wamevaa mataji ya maua halisi, na nyuma yao mti umesimamishwa na kuvishwa majani kama bibi harusi. Jua limewaka kwelikweli. Na katikati yao, mweusi peke yake, na taji lake la maua likiwa limeinamia sikio, ni mdogo wangu, ameinua sahani yenye viazi na samaki, na shavu moja limejaa. Bibi mmoja mwenye nywele nyeupe kabisa anamwongezea kiazi kwa mkono. Chini aliandika: "Dada, leo huku ni sikukuu ya siku ndefu kuliko zote. Wamenialika. Msalimie Mama."

Astaghafirullah! Magharibi ilikuwa bado. Bado ya Makka, bado ya Koboko, bado ya kila mahali ninapopajua. Mwanamke wa watu anayumba jikoni kwa ajili yake, na bwana mkubwa ameketi na taji la maua anatafuna viazi. Nilikasirika hata gurusa ikaungua kikaangoni. Nikaigeuza simu kifudifudi.

"Ni yeye?" akauliza Mama.

"Ni wateja wangu wa Arua."

"Wewe tangu mtoto hujui kudanganya. Lete."

Sikuleta. Akanyoosha mkono, akabaki ameunyoosha hivyo, na mimi mama yangu sijawahi kuuacha mkono wake hewani. Nikampa. Nikasema moyoni, basi, leo ndiyo tunampeleka hospitali.

Aliishika simu mbali na macho. Akaniambia niikuze picha. Nikaikuza. Akaanza kutazama polepole kutoka pembeni, uso mmoja mmoja, kama mtu anayesalimia watu kwenye matanga. Akafika kwa mwanawe, akakaa hapo. Kisha akamfikia yule bibi.

"Huyu anamwekea chakula ni nani?"

"Sijui, Mama."

"Mkono yake iko karibu sana na sahani. Si mgeni huyo." Akaitazama tena. "Na huyu mtoto mdogo amelala kwa goti yake. Unaona? Huyu hapa."

Nilikuwa sijamwona mtoto. Kweli, palikuwa na kichwa kidogo chenye maua kwenye paja la mdogo wangu.

Adhana ikalia. Mama akanywa maji yake, akala tende, akaswali. Akarudi, akakaa, akavuta sahani, akakata gurusa, akachovya, akala. Hakuuliza simu. Hakungoja mtu. Alikula kama mtu aliyetoka shambani, na mimi nikabaki nimeshika kijiko, sijui nimshukuru Mungu au nigombe.

Nikagomba. Ndivyo nilivyo. "Mama, kwani hukuona ile picha ni ya saa ngapi? Hukuona anakula kabla ya wakati? Mwezi mzima unajitesa kwa ajili ya mtu ambaye hafungi!"

"Mimi najua hafungi," akasema, akitafuna.

"Umejua lini?"

"Siku ya kwanza. Mutu amefunga, sauti yake mimi najua, nimewalea wangapi? Hiyo ilikuwa sauti ya mutu ameshiba." Akaguguna mfupa. "Hiyo ni maneno yake na Mungu. Watapatana wenyewe."

"Sasa ulikuwa unangoja nini?"

Akafuta vidole kwanza. "Hata kabla ya mfungo, kila siku mimi nauliza, umekula nini? Yeye nasema mkate. Kesho, mkate. Kesho kutwa, mkate. Mutu nakula na watu hasemi hivyo. Atakuambia leo chumvi ilizidi, fulani amepika vibaya, watoto wamemaliza nyama. Huyu, mkate tu. Mimi nikajua mtoto yangu nakula peke yake. Kila siku peke yake, jua iko juu inamwangalia, hata usiku haikuji kumficha." Akaisogeza simu pembeni. "Nikasema, basi mimi pia nitakaa na njaa mpaka yeye ale, nikule saa yake. Tukuwe wawili."

Nililia waziwazi, kwa kelele, kama mtoto aliyechapwa, na Mama akaniacha nilie. Kisha akaisogeza sahani yake katikati yetu, akanipa kipande cha nyama kilichobaki, akaniambia nikipata mtandao nimuulize mdogo wangu yule bibi wa maua anapenda kitenge cha rangi gani.