Nafasi ya Upande wa Kushoto

Jumamosi ile ibada ya akina mama ingefanyika kwetu, mtaa wa Bordesley Green huku ughaibuni, kwa mara ya kwanza, na anti, mdogo wake mama, alinipa kazi moja tu. "Panga maua mezani. Na digrii yako, maua yatakushinda?" Kisha akaenda zamu hospitalini.

Tangu nihitimu nilikuwa nashinda nyumbani nikiandika maombi ya kazi, kila moja nikilisoma upya mpaka nalichukia. Wiki hiyo nilikuwa nimeanza kujifunza kwenye video jinsi Wajapani wanavyopanga maua. Matawi matatu tu: refu, la kadiri na fupi, yamechomekwa kwenye kibao kizito cha miiba ya shaba ndani ya bakuli la maji. Kwingine kote huachwa wazi. Mwalimu alisema uwazi ule nao ni sehemu ya kazi. Niliisimamisha video hapo, nikaitazama sebule yetu yenye vitambaa juu ya kila kiti, nikajiuliza nani atanielewa.

Tawi refu nililitoa kwenye mti wa plamu uani. Nililipima kwa rula, nikaligeuza, nikalipima tena. Nikikosea, halirudi. Mwishowe nikalizamisha kwenye sinki, maana shina hukatwa ndani ya maji lisije likavuta hewa, nikabana pumzi, nikakata.

Nilipolisimamisha na wenzake wawili, liliinama kidogo kushoto, kama mtu anayesikiliza. Nikarudi nyuma mpaka nikagonga friji. Matawi matatu, na chumba kizima kilikuwa kimetulia kuyazunguka. Sikuamini kwamba mikono ile ni yangu.

Anti aliporudi kutoka zamu, wageni wakaingia. Mama mmoja wa mtaa wa Castle Vale, mkubwa kuliko wote, alikuja na shada la mawaridi kwenye karatasi inayong'aa. Akalitazama bakuli.

"Haiya! Kwani maua yaliisha dukani?"

Wakacheka. "Huyu ni mtu wa masomo," anti akasema. "Amepanga hesabu."

Kwetu meza ya wageni haiachwi na pengo, na yule mama alitaka kunisaidia tu. Alishafungua shada, waridi la kwanza mkononi, likielekea ule upande wa kushoto nilioacha wazi. Ningenyamaza, kitu pekee nilichowahi kukimaliza bila kujuta kingezikwa mbele yangu. Lakini mkubwa haambiwi hapana mbele ya watu.

"Mama, samahani," nikasema. "Naomba hapo pabaki hivyo. Ndipo tawi linapoangalia."

Anti akanikazia macho. Yule mama akainama, uso ukiwa usawa wa meza, akalifuata tawi kutoka majini hadi chipukizi la mwisho, na mbele ya hapo, pasipo na kitu.

"Ala," akasema polepole. "Kumbe linaenda huko."

Akavuta kiti, akaketi mkabala nalo, na mawaridi yake akayapakata mpaka tulipomaliza kuomba.