Orodha mpya ya Assistante Débora

Saa moja asubuhi Débora anafungua daftari mbele ya kibanda cha photocopie, nje ya lango la chuo kikuu kimoja hapa Bunia. Foleni ya wanafunzi imefika barabarani. Pikipiki zinawapigia honi.

Débora, miaka 41, ni assistante, yaani mwalimu msaidizi wa chuo; anafundisha somo la udongo. Kwa miaka tisa aliuza syllabus yake, yaani kitabu cha somo, dola kumi. Mshahara ulichelewa, watoto walikula syllabus. Aliyenunua aliandikwa kwenye orodha. Asiyeandikwa alijua mtihani utamwendea vipi.

“Binti mumoja, Rébecca, aliacha masomo juu ya ile dola kumi,” anasema. “Siku ile nilienda kanisani, wimbo ikakataa kutoka.”

Mwaka jana chuo kilitangaza ruzuku: mwalimu akiandika kitabu na kukiacha wazi, kila mtu akisome, akinakili, hata akisahihishe bure, chuo kinamlipa yeye. Débora alipata nusu ya kwanza. Nusu ya pili inatoka iwapo nusu ya wanafunzi watakuwa nacho kabla ya mitihani.

Kitabu kilitoka. Wiki mbili zikapita. Kati ya wanafunzi 86, kumi na mmoja tu walikichukua.

“Waliogopa,” anasema Honorine, mwenye kibanda. “Mumoja aliniuliza: ‘Mama, orodha iko wapi? Kitu ya bure haiwezi kutoka ku examen!’”

Jumatatu Débora akaja na daftari, akaandika juu: ORODHA. Unachukua kitabu, unaandika jina, hulipi kitu. Kufika saa sita, majina yalikuwa 52.

Leo wanamalizia waliobaki. Honorine anawawekea kitabu kwenye simu. Anayetaka karatasi analipia karatasi.

“Assistante, weye unaniulia kazi!” Honorine anamtania.

“Nakuulia? Foleni hii yote ni ya nani?”

Mstari wa kwanza wa daftari una jina la mtu asiye kwenye foleni: Rébecca. Yuko Aveba, analima maharage. Débora alimtumia kitabu kwa simu. Baada ya siku nne kikarudi na sahihisho. Ukurasa wa saba ulikuwa umekosea udongo wa kwao.

“Alikuwa na haki. Nilirekebisha, nikaandika jina yake mule ndani.”

Nusu ya pili ikitoka, Débora anataka kumlipia uandikisho wa mwezi wa kumi.

“Mungu akipenda, atasimama hapa na wenzake,” anasema, akifunga daftari. “Kuandika jina, hapana. Jina yake iko tayari.”