Beleshi la Safari ya Skotlandi

Shida zilinianza mwaka 1971, nina miaka kumi, baba alipofariki. Dada yangu akauza mandazi ili mimi nile. Skuli sikufika mbali, lakini mabasi ya Landani nimeyaendesha mpaka nikastaafu, kwa hiyo barabara sifundishwi.

Januari hii dada akaugua huko Skotlandi anakoishi, milimani. Nikasema kesho naondoka na gari langu. Binti yangu akatazama habari za theluji kwenye simu, akanipakilia blanketi, tochi, chupa ya chai na beleshi.

Beleshi! "We mwana, naenda kumtazama mgonjwa au kumzika?"

"Ukikwama, Baba, utajichimbua na nini?" Alijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake.

Nikalitoa. Akalirudisha. Nikalitoa tena, nikakaa nalo sebuleni, sijui nishike lipi. Nikiliacha, huenda nikakwama njiani nisimwone dada. Nikilichukua, nampelekea uchuro. Kwetu mgonjwa hupelekewa uji. Beleshi huja siku ya kaburi.

Nikampigia simu dada mwenyewe, nikamweleza.

Akacheka mpaka akakohoa. "Mjinga we! Theluji imenizibia mlango, utaingilia dirishani? Lete hilo beleshi. Na uji usisahau."

Nilikwenda, nikachimba, nikaingia. Kila akilitazama beleshi pale mlangoni alicheka, na uji akanywa. Mimi mpaka leo sielewi uchuro umemponyaje mgonjwa.

Leo nina nyumba ya vyumba viwili Tooting, hapa Landani, gari moja, binti mmoja, dada mzima, na beleshi.